Kikumi yenye supachaja: shajara ya kuishika busti

Gari ni la Hajji, Corolla AE100, ile Kampala nzima inaiita kikumi. Ilikuja na injini ya 5A-FE, sasa imebeba 4A-GZE ya AE101, injini ambayo Toyota waliiweka kwenye Levin na Trueno kuanzia 1991 mpaka 1995, wakaiandikia nguvu za farasi 170, kompresheni 8.9 kwa 1, na supachaja ya SC12 yenye klachi ya umeme kama ile ya kompresa ya AC. Kuiingiza kwenye bodi sitaandika hapa, mauntingi na driveshafti na waya watu wengi wameshaeleza. Naandika kitu kimoja tu, busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa ndani ya injini, inashikwa vipi kwenye supachaja, ile pampu ya hewa inayozungushwa na belti ya injini, maana kila anayekuja gereji anaongea habari za tabo, inayozungushwa na moshi wa ekzosti, na anadhani ni kitu kilekile.

Nozikati, yaani injini, giaboksi, waya zote na kompyuta yake, ilikula shilingi milioni 7.2 za Uganda. Hiyo ni kabla ya chochote kilichoandikwa hapa chini.

Hajji anafanya kliaringi ya mizigo, wiki hii yuko Kampala ijayo yuko Mombasa, na safari hizo anataka kwenda na hii gari mwenyewe. Alichoniambia ni kifupi: "Fundi, hapa ivute, kule isinifie." Mradi wote umekaa ndani ya hayo maneno.

18 Januari 2025: geji na kuvuja

Kabla ya kubadilisha chochote tukafunga geji ya busti, tumechukua presha kwenye manifodi baada ya intakula (kipoza hewa), sio kwenye mdomo wa supachaja, kwa sababu presha ya pale juu haikuambii injini inakula nini. Geji ya kwanza ya 60,000 ilikuwa mwongo. Tuliiunga T moja na geji ya kompresa ya tairi tukapuliza kwa pampu ya mkono, hii inasoma bari 0.5 ile inasoma 0.6. Tukanunua nyingine 140,000, ikapimwa vilevile, ikakubaliana. Kama geji yako hujailinganisha na kitu kingine basi namba zako zote ni hadithi.

Kisha kuvuja. Tuliziba mdomo wa throto kwa kifuniko cha bomba la PVC chenye valvu ya tairi, tukapuliza mpaka 0.7 na maji ya sabuni kila jointi. Povu likatoka sehemu mbili, kwenye gasketi ya intakula na kwenye mpira mmoja wa vakyum uliopasuka kwa chini ambapo jicho halifiki. Gasketi tulikata wenyewe kwa karatasi ya gasketi. Kazi ya asubuhi moja.

Matokeo, gia ya pili, throto yote: 0.45 kwenye raundi 2,500, inapanda polepole, 0.6 kwenye 6,000. Haizidi hapo.

1 Februari 2025: kwa nini 0.6 na wengine wanaandika 0.7

Hapa tumepoteza muda tukitafuta uvujaji ambao haupo. Watu wenye hii injini huko nje wanaandika kama 0.7 ikiwa na puli ya kiwanda. Yetu 0.6. Kijana wa umeme akasema supachaja imechoka, tuifungue. Nikamwambia ngoja kwanza tupige hesabu.

SC12 ni ya aina ya rutsi, rota mbili zinasukuma hewa, inameza karibu lita 1.2 kwa kila mzunguko wake mmoja. Injini ya 1.6 inameza nusu ya ujazo wake kwa kila mzunguko wa kreki (shafti kuu ya injini), yaani lita 0.8 hivi. Hewa inayosukumwa ni nyingi kuliko inayoweza kumezwa, inajibana, hiyo ndo busti. Sasa angalia vizuri, supachaja haijui bari wala haijui psi, yenyewe inazidisha tu hewa iliyokuta mlangoni. Pwani hewa ya mlangoni ni kilopaskali 101, ukiongeza busti ya 70, ndo bari 0.7, unapata 171, gawanya kwa 101 ni mara 1.69. Kampala tuko kwenye mita 1,190 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni kama 88. Zidisha kwa 1.69 unapata 149, toa 88 zinabaki 61. Bari 0.61. Geji yetu ilikuwa inasema kweli na supachaja ni nzima.

Tabo isingekuwa hivo, tabo ina wastigeti, mlango wa kupunguza moshi unaoizungusha, hewa ikiwa nyepesi yenyewe inazungushwa zaidi mpaka ifike busti uliyoipanga. Supachaja ya belti imefungwa kwenye kreki, haina pa kuongezea. Ndo maana ukinunua ile kontrola ya busti ya tabo, ile ya goroli na springi, ukaiunga kwenye supachaja kama ilivyo, hakuna kitakachobadilika, haina wastigeti ya kuamrisha. Muuzaji mmoja wa spea alitaka kutuuzia kwa nguvu kabisa eti "inaongeza busti kwa gari yoyote". Tuliinunua baadaye, lakini kwa sababu nyingine, soma chini.

Dari ya busti kwenye hizi mashine inapangwa na kitu kimoja, uwiano wa puli. Kushusha unaweza kwa njia nyingine. Kupandisha ni puli.

22 Februari 2025: puli ya Katwe, ya kwanza

Kwenye SC12 puli ndogo ni sehemu ya klachi yenyewe, huwezi kuichonga ikabaki salama, kwa hiyo unakuza ya kreki. Tukakubaliana kuvisha ringi ya aluminiamu juu ya puli ya kreki, kipenyo kiongezeke asilimia 8. Hesabu: 1.69 mara 1.08 ni 1.82, mara 88 ni 160, toa 88, tunategemea 0.72 hapa Kampala. Kwa maneno mengine tunajirudishia kile mwinuko umechukua, basi.

Mzee wa leti (mashine ya kuchonga chuma) wa Katwe alianza na aluminiamu ya kuyeyusha, zile pistoni kuukuu na sufuria zinazoyeyushwa pamoja. Akaikata kidogo, akaileta karibu na dirisha akaninyooshea kidole: vitundu vidogo vidogo vya hewa ndani ya chuma chote. "Hii ikizunguka raundi elfu saba itakuja kukutafuta kwenye kifua, mwanangu." Tukaenda Industrial Area kununua kipande cha fimbo ya aluminiamu iliyovutwa, 160,000 kwa kipande kinachotosha ringi mbili, na afadhali kilitosha mbili.

Ringi ya kwanza ilikula belti. Ilipiga kelele toka ailo, injini ikinguruma tu bila kukanyaga gesi, na jioni ukingo mmoja wa belti ulikuwa umeota nyuzi. Tulidhani haijakaa sawa, tukaweka rula kutoka puli hadi puli, iko sawa. Shida ilikuwa mifereji. Belti za mbavu za PK zina hatua ya milimita 3.56 kutoka mfereji hadi mfereji, na pembe ya digrii 40. Leti ya mzee ilikuwa imepangwa 3.5 kamili, ndo namba iliyopo kwenye mashine. Tofauti ni 0.06 tu, ukiiangalia kwa mfereji mmoja huioni, ila ukifika mfereji wa sita umeshapotoka milimita 0.3, na belti sio mpira wa kutafuna, haina huruma, inapanda ubavuni mwa mfereji na kujichana.

Leti 120,000, belti iliyoharibika 110,000.

8 Machi 2025: puli ya pili

Safari hii mzee hakutumia gia za kusogeza za leti, alisogeza zana kwa mkono akisoma dayal geji (saa ya kupimia sehemu za milimita), mfereji mmoja mmoja, kila mara 3.56 kutoka pale alipoanzia na sio kutoka ule uliopita, ili kosa lisijumlike. Ilimchukua siku nzima. Zana yenyewe aliinoa kwa kulinganisha na puli ya alteneta nzima ambayo tulimpelekea, tochi nyuma, hadi mwanga ukaisha kati ya zana na mfereji. Halafu ringi ikapashwa moto ikavishwa, ikafungwa na boliti sita ndogo zenye gundi ya loktaiti. Tukaizungusha kwa mkono na dayal juu yake, sindano haikuvuka 0.05.

Akataka 200,000 na nikampa bila kubembeleza.

Kelele imeisha. Busti sasa inafika 0.68 kwenye raundi 4,500, uso wa kila mtu gereji unang'aa, halafu ukipita hapo inaanguka. 0.6, 0.55, ukifika 6,000 ni 0.52. Yaani tumeongeza puli na juu tumepata kidogo kuliko mwanzo.

22 Machi 2025: klachi yenye njaa

Kila mtu alisema belti inateleza. Mimi pia. Ukikuza puli mzigo unapanda, belti inateleza, hiyo inajulikana. Tukanunua belti mpya nyingine, 110,000 tena, tukaweka puli ya kubana ili belti ikumbatie klachi zaidi, 70,000 na breketi ya kuchomelea. Namba zikabaki zilezile, 0.52 kwenye 6,000. Na hakuna unga mweusi wa belti kwenye kava, ambao ungekuwepo kama kweli inateleza.

Kilichotupa jibu ni kijana wa umeme, na hakuwa anatafuta hilo. Kompyuta ya hii gari inazima klachi ukiendesha taratibu na kuiwasha ukikanyaga, yeye alitaka iwake muda wote wakati wa kupima ili tusichanganyikiwe, akavuta waya moja kwa moja kutoka betri mpaka klachi. Tukapanda tena. 0.70 kwenye 5,000. 0.70 kwenye 6,000. Sindano imekaa kama imegundishwa.

Tukarudisha waya za gari tukapima: betri 13.9, kwenye soketi ya klachi 10.4. Volti tatu na nusu zimepotelea njiani. Klachi ya umeme ni sumaku, ukiipa volti pungufu inashika kwa nguvu pungufu, ikipata mzigo wa juu inateleza yenyewe ndani, belti haina habari. Tulipochungulia kwa tochi, sahani ya mbele ilikuwa imegeuka bluu ukingoni na ina harufu ya breki zilizoungua. Waya ulikuwa na jointi ya kusokota ndani ya tepu, shaba imekuwa kijani, na athi yake imefungwa juu ya rangi ya bodi.

Rilei mpya, waya wa milimita 2.5 kutoka betri na fyuzi yake, athi tukaipeleka kwenye bloku ya injini. Shilingi 35,000 vyote. Sasa 13.6 kwenye soketi. Gepu ya klachi tuliipima kwa fila geji, ilikuwa sawa, hatukuigusa.

Kwa hiyo kabla hujanunua belti, pima volti kwenye soketi ya klachi ikiwa na mzigo. Ikiwa wazi bila mzigo mita itakuonyesha 13 na utaridhika bure.

Hajji amepita, yuko kwenye mfungo, hajaomba kuendesha. Ameuliza tu imefika ngapi. Nikamwambia 0.7 kama ya kiwanda. Akauliza na Mombasa itakuwa ngapi, na hapo ndo nikakaa chini na kalamu tena.

19 Aprili 2025: baipasi

Hesabu ya Mombasa: sasa tunazidisha mara 1.8 hivi. Mlangoni 101, unapata 181, geji itasoma 0.8. Presha kamili ndani ya injini hapa Kampala ni 158, chini ya zile 171 ambazo kiwanda walikubali kule usawa wa bahari, kwa hiyo hapa tuko salama ingawa geji inasema 0.7. Mombasa tutakuwa tumepita kwa kumi, kwenye joto la pwani, kwenye injini ya zaidi ya miaka thelathini. Hapana.

Kubadilisha puli kila safari haiwezekani. Basi tunatengeneza njia ya kurudisha hewa. Gari inayo baipasi ya kiwanda lakini kazi yake ni kupitisha hewa pembeni wakati klachi imezimwa, sikutaka kuichezea. Tumetengeneza ya pili.

Vifaa: throtobodi kuukuu ya Starlet, 40,000. Akchueta ya wastigeti, kikopo cha presha chenye springi na fimbo, kutoka kwenye tabo iliyokufa ya dizeli, 50,000, springi yake inaanza kusukumwa kwenye 0.5. Bomba la inchi moja na nusu na mpira wa silikoni, 90,000. Akchueta inavuta kibati cha throtobodi, presha ikifika 0.5 kibati kinaanza kufunguka na hewa ya ziada inarudi ilikotoka. Kwenye hii injini hewa inapita throto kubwa kwanza ndo inaingia supachaja, kwa hiyo tumeirudisha katikati ya hivo viwili. Ni muhimu irudi humo na isitolewe nje, maana ukiachia gesi kule ndani kuna vakyum na bomba lililo wazi litavuta hewa chafu.

Tundu la ailo la hiyo throtobodi ulizibe kwa kulehemu. Sisi tulisahau tukafunga bomba zima, kibati kimefungwa na busti bado inapungua 0.05, kumbe hewa inapita kwenye kale kanjia ka pembeni.

Inafanya kazi. Busti imekaa kwenye 0.5 kuanzia 3,000 hadi 6,500.

10 Mei 2025: joto

Kitu kilinisumbua. Busti tumeshusha kutoka 0.7 hadi 0.5, gari inavuta kidogo, lakini intakula ukiigusa inaunguza vilevile. Tukaweka waya wa joto wa ile multimita, mmoja kwenye mdomo wa kutokea supachaja, mwingine baada ya intakula, tukapanda Entebbe Expressway, 5,000 za toli, gia ya pili na kurudia. Gia ya pili inaishia chini ya mia kwa hiyo hakuna anayekukimbiza.

Kwenye 0.7 baipasi imefungwa: inatoka supachaja na digrii 124. Kwenye 0.5 baipasi wazi: 126. Busti ndogo, joto kubwa!

Sababu iko kwenye bomba. Tulichukua hewa ya kurudisha mara tu inapotoka supachaja, kabla ya intakula, kwa sababu ndo palikuwa na nafasi. Rutsi haibani hewa ndani yake, inaibeba tu na kuimwaga kwenye presha, na hapo inapashwa sana. Hiyo hewa ya digrii mia na kitu tunairudisha mlangoni, inachemshwa mara ya pili, inarudi tena. Ni kama kuosha vyombo kwa maji yaleyale machafu.

Tumehamisha pa kuchukulia, sasa ni baada ya intakula. Ilibidi bomba lizunguke nyuma ya injini na kukata breketi moja, siku mbili za kuchomelea na 85,000. Matokeo kwenye 0.5: kutoka supachaja 113, baada ya intakula imeshuka kutoka 66 hadi 55. Hiyo nakubali.

Maoni yangu, na najua kuna watakaobisha: baipasi ni ya kulinda, sio ya kuringia. Hewa unayoirudisha belti imeshailipia, na petroli imeshailipia belti. Kama kibati chako kiko wazi kila siku, puli yako ni kubwa mno, kaichonge.

31 Mei 2025: sindano inatetemeka

Shida mpya iliyoletwa na bomba refu. Ukishika throto yote sindano inacheza kati ya 0.43 na 0.58, na gari inasukuma-inaachia, inasukuma-inaachia, unaisikia mgongoni. Kibati kinafunguka kupita kiasi, busti inaanguka, springi inakifunga, busti inapanda, mchezo unaanza upya.

Tulirefusha mkono wa kibati kwanza ili akchueta ikisogea milimita moja kibati kifunguke kidogo. Ikapungua lakini haikuisha. Kilichoimaliza ni jeti ya kabureta ya Bajaj Boxer, 3,000 kwa fundi wa boda boda hapo nje. Ile shaba ndogo yenye tundu la sindano, tumeisukumiza ndani ya mpira unaopeleka presha kwa akchueta na kuibana kwa waya, presha sasa inaingia na kutoka polepole, kibati kinatembea badala ya kuruka. Tulijaribu namba tatu tofauti, ndogo sana inachelewesha na busti inaruka hadi 0.62 kabla ya kutulia, kubwa haifanyi kitu, ya katikati ndo imebaki.

Mpira wenyewe tumeufupisha pia, kutoka karibu mita hadi kama shibiri mbili.

21 Juni 2025: swichi, na kusikiliza noki

Sasa ile kontrola ya goroli ina kazi, kwa sababu sasa kuna akchueta ya kudanganywa. 45,000. Tumeweka solenoidi ya njia tatu ya Toyota kutoka kwenye manifodi kuukuu, 20,000. Bila umeme presha inaenda moja kwa moja kwenye akchueta, unapata 0.5. Ukiwasha swichi presha inapitia kontrola kwanza, goroli inaizuia hadi 0.7 ndo inaiachia. Tumeipanga hivo makusudi, waya ukikatika au fyuzi ikiungua gari inarudi 0.5 yenyewe. Usiipange kinyume.

Kontrola tuliyouziwa haikuwa na tundu la kupumulia. Ukiachia gesi presha inabaki imenaswa kati ya goroli na akchueta, kibati kinabaki nusu wazi, na ukikanyaga tena unapata 0.35. Tulitoboa kwa biti ya milimita moja upande wa akchueta, imekwisha.

Noki, ule mlio wa petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda, tulisikiliza kwa masikio. Kipande cha bomba la shaba, mwisho mmoja umepondwa ukawa bapa na kutobolewa, umefungwa kwa boliti kwenye bloku karibu na sensa ya noki, mwisho mwingine mpira mrefu unaingia dirishani hadi kwenye zile kinga za masikio za wachomeleaji. Kijana anaendesha, mimi nasikiliza. Tukapanda Tank Hill Muyenga kwa gia ya tatu kutoka raundi 2,000, mzigo wote. Petroli ya kawaida, swichi imewashwa: tik-tik kavu karibu na 3,200, mara tatu nne hivi, kisha inapotea, maana sensa imeshamwambia kompyuta arudishe moto nyuma. Swichi imezimwa, kimya kabisa. V-Power ya Shell na swichi imewashwa, kimya.

Tuliangalia pia taimingi ya moto kwa jampa ya TE1 na E1 kwenye soketi ya kupimia, digrii 10, iko pale pale inapotakiwa. Plagi tukazitoa tukazisoma kwa lensi, porseleni safi, hakuna vile vinukta vya aluminiamu vinavyong'aa ambavyo vinamaanisha pistoni imeanza kuliwa. Mafuta ya supachaja yenyewe, ina mafuta yake mbali na ya injini, watu wengi hawajui, yako kwenye alama.

Nimeandika kwenye tepu nyeupe chini ya swichi: PETROLI NZURI TU.

19 Julai 2025: Malaba, Nairobi, Mombasa

Hajji aliendesha, mi nilikaa na daftari. Kampala swichi ikiwa juu: 0.70, kibati hakijafunguka, puli peke yake inatosha kufika hapo. Nairobi, ambako ni karibu mita 1,800: 0.65, na Hajji akaniangalia kama nimemuuzia kitu kibovu, nikamwonyesha hesabu kwenye daftari, hewa 82 mara 1.8. Akasema "haya" kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali.

Kuteremka kutoka Nairobi sindano ikaanza kupanda kidogo kidogo na kabla ya kufika Mtito Andei ikasimama kwenye 0.70. Kutoka hapo mpaka tunaingia Mombasa ikagoma kuvuka. Tulisimama Mariakani, nikafungua boneti, nikaweka alama ya tipeksi kwenye mkono wa akchueta, tukapanda kidogo barabara ya pembeni na kurudi: fimbo imesogea, kibati kinafunguka, zile 0.1 za pwani zinarudi mlangoni. Akchueta inapima dhidi ya hewa ya nje, kwa hiyo 0.7 yake pwani ni 171 kamili, ile ile ya kiwanda.

Joto baada ya intakula Mombasa, saa nane mchana: 71. Ni juu kuliko ninavyopenda. Hajji ameambiwa akiwa kule swichi ikae chini mchana, na ameitikia, ila namjua.

Bado kuna feni ndogo ya kuipuliza intakula wakati gari imesimama kwenye foleni, nimeulizia, 130,000 pamoja na swichi ya joto. Tangu nozikati iingie, vyote vya busti pamoja na vilivyoharibika na kazi za leti vimefika kama milioni 1.3, petroli ya kupimia sijaihesabu na Hajji ameomba nisiihesabu.